Konje ya uzazi si demisio

Hapa Goma kuna karatasi moja yenye dada zetu wameanza kuijua sana. Ni karatasi ya mistari mitano ao sita, imeandikwa kwa kompyuta. Jina la mwanamke liko juu, tarehe iko chini, na pahali pa kutia saini pamebaki wazi. Inasema: mimi fulani, kwa mapenzi yangu mwenyewe, naacha kazi. Lakini mwenye kuiandika si yule mwenye jina. Iliandikwa na bosi wake, wakati yeye alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Leo tunaandika juu ya mwanamke mmoja mwenye alipewa ile karatasi na akakataa kuitia saini. Ni mwenzetu, tulikaa naye kwenye oditoriumu moja, wengi wetu tulikopi masomo kwenye kaye yake kwa sababu aliandika vizuri. Jina lake hatutaliandika, wala la kampuni. Yeye mwenyewe alituomba hivyo, na dosie iko tayari kwa inspekta wa kazi. Wenye wanapenda kubahatisha majina, tafadhali mutulie.

Mambo yenyewe ni haya. Alitumika miaka mitatu kwenye ile kampuni, kwenye gishe ya kupokea pesa. Mushahara wake dolari 180 kwa mwezi. Kontra yake ilikuwa ya miezi sita, inaisha, wanaifanya tena, inaisha, wanaifanya tena. Alipokuwa na mimba ya miezi mitano alipeleka karatasi ya daktari. Shefu wa personeli alicheka, akamuambia: «Hongera mama, Mungu akusaidie.» Alienda konje wiki 6 mbele ya kuzaa, akakaa wiki 8 kisha kuzaa. Mwezi wa kwanza alipewa dolari 120. Kisha pale, kimya. Akipiga simu, hakuna mwenye anaipokea. Akituma ujumbe, unasomwa, haujibiwi.

Siku ya kurudi, sentineli alimuambia angoje kwanza inje. Sentineli huyo alikuwa anamusalimia kila asubui miaka yote mitatu. Siku ile alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. Baadaye wakamuita ndani. Shefu wa personeli akamuambia: «Mama, tulifanya mabadiliko. Ile nafasi yako haiko tena. Lakini hatuwezi kukuacha hivi hivi. Utie tu saini hapa, tukupatie mushahara wa mwezi moja, uende ulee mutoto vizuri. Ao kama unapenda sana kutumika, kuna kazi ya siku kwa siku kule depo, tutaangalia.»

«Ile nafasi haiko tena.» Na wakati anaambiwa hivyo, nafasi aliiona kwa macho, kupitia kioo: meza ileile, mashini ileile ya kuhesabia pesa, na kijana moja amekaa pale.

Alipiga picha ya karatasi, akairudisha kwenye meza bila saini, akatoka.

Sasa tuongee sheria, maana kuna watu wazima wenye diplome kubwa kwenye muji huu wenye wanafikiri kwamba konje ya uzazi ni zawadi ya bosi. Kode ya Kazi ya Congo ni sheria nambari 015-2002 ya tarehe 16/10/2002, na ilibadilishwa sehemu fulani na sheria nambari 16/010 ya tarehe 15/07/2016. Artikle 130 inasema mwanamke mwenye anazaa ana haki ya kusimamisha kazi wiki 14 zenye zinafuatana. Kwa wiki zote hizo anapata tatu ya pili ya mushahara, ni kusema mafungu mawili juu ya matatu, hata kama mutoto hakuishi. Na ndani ya muda huo bosi hawezi kuvunja kontra. Artikle 128 inakataza kufanya mimba na uzazi kuwa sababu ya kubagua mutu kazini, na inakataza kumuomba mwanamke mwenye anatafuta kazi afanye kwanza tesiti ya mimba. Artikle 62 inahesabu sababu zenye haziwezi kamwe kuwa sababu ya kufukuza mutu: mimba iko ndani, kuzaa kuko ndani, na kukosa kazini kwa ajili ya konje ya uzazi kuko ndani, kwa maneno wazi.

Tufanye hesabu kidogo. Mafungu mawili juu ya matatu ya dolari 180 ni dolari 120. Wiki 14 ni miezi mitatu na siku kadhaa. Kwa hiyo walipaswa kumupatia karibu dolari 390. Walimupatia 120. Na hapo hatujafika bado kwenye maneno ya kumufukuza, tuko tu kwenye deni.

Kampuni ina jibu lake, na tutaliandika hapa kwa haki. Wanasema: hatukumufukuza mutu, kontra yake ya miezi sita iliisha yenyewe wakati yeye yuko kwenye konje, na sisi hatukuifanya tena. Ni jibu lenye linaonekana safi. Tena ni jibu lenye mabosi wengi wa hapa wanalipenda. Lakini wasome artikle 41 ya Kode ileile. Mutumishi hawezi kufanya kontra za muda zaidi ya mbili na bosi mumoja, na kontra ya muda haiwezi kurudishwa zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za musimu na kazi zingine zenye sheria inazitenga. Mwenye anapita pale, kontra inageuka yenyewe kuwa ya muda bila mwisho. Haiombi ruhusa ya bosi, haiombi muhuri. Sasa muhesabu: miaka mitatu, miezi sita sita. Ile kontra yao yenye «iliisha yenyewe», machoni pa sheria haikuwa tena na tarehe ya kuisha tangu zamani.

Hayo yote ni ya mwanasheria, na atayasema vizuri kuliko sisi. Yenye yanatuhusu sisi, vijana wa muji huu, ni yule kijana mwenye amekaa kwenye meza.

Maana naye tunamujua. Ni mwenzetu pia. Ana likense kama sisi, alikaa miaka miwili bila kazi kama wengi wetu bado tunakaa. Aliitwa kwenye ile kampuni kwa «staji». Hana kontra. Wanamupatia dolari 60 kwa mwezi, wanaziita pesa ya transipore. Anafungua gishe saa mbili, anafunga saa kumi na moja, na pesa ikikosekana mangaribi, ni yeye analipa. Ni staji gani hiyo yenye hakuna mwenye anakufundisha, wewe mwenyewe ndiye unaelewa kazi kupita shefu?

Sasa mutoe 60 kwenye 180. Inabaki 120. Siri yote iko pale. Tunasikia watu wanasema mabosi hawapendi wanawake wenye watoto. Pengine wengine hawapendi kweli. Lakini huyu wa kwetu hakufanya mambo ya mapendo. Aliona mwanamke anatoka wiki 14, akaona mulangoni kuna mustari murefu wa vijana wenye diplome wenye wanaweza kutumika kwa kila bei, akafanya hesabu. Konje ya uzazi ilikuwa tu mulango wa kupitia. Kesho mulango utakuwa ugonjwa wa mutu, ao kilio cha mutu, ao mwanaume mwenye alienda siku tatu kuzika baba yake kule Masisi.

Ndiyo maana tunasema wazi: sisi mashomeri tunatumiwa kama fimbo. Mwenye anapigwa leo ni mama wa mutoto wa miezi miwili. Lakini fimbo yenyewe, munafikiri itatunzwa vizuri? Fimbo ikivunjika, wanakata ingine. Huyu kijana wa dolari 60 anajua sana kwamba nyuma yake kuna mwenye atakubali 40.

Kuna wenzetu wenye walituambia kwa uso, kwenye mukutano: «Nyinyi munapigania mutu mwenye ako na kazi, wakati sisi hatuna hata ya kupoteza. Yeye alishatumika miaka mitatu, sasa aachie wengine.» Tuliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu njaa yenye inawasemesha hivyo tunaijua nyumbani mwetu. Lakini jibu letu ni hapana. Kama kazi ya mutu inaweza kuachwa wazi kwa kumuibia, basi na weye siku utaipata utakuwa umeketi kwenye kiti cha kuibwa, na utakilinda na nini? Unatafuta kazi miaka minne ili siku moja uipate mwenye haki, ama uipate mwenye woga?

Tena sheria ilishafikiria huyu kijana. Artikle 40 inataja kontra ya muda yenye inafanywa kwa ajili ya kushika nafasi ya mutumishi mwenye hayupo kwa muda. Ni kusema, kampuni ilikuwa na njia nyeupe kabisa mbele yake. Miezi mine mbele ya kuzaa walijua. Wangemuita kijana mapema, wampatie kontra ya kushika nafasi, yenye imeandikwa kwamba anashika nafasi ya fulani mpaka arudie. Wangemulipa mushahara wa kazi yenye anafanya. Siku dada anarudi, kijana anatoka na karatasi ya kuonyesha kwamba alitumika gishe wiki 14, kitu chenye kinakosekana kwenye dosie zetu zote, kwa maana kila tangazo la kazi linaomba eksperiansi ya miaka miwili. Pengine wangeona ni mwepesi wa kazi, wangemutafutia nafasi ingine. Wote wawili wangekuwa na sura ya watu. Badala yake wakachagua njia yenye inafanya mumoja kuwa mwizi bila kupenda, na mwingine kuwa mwombaji mbele ya mulango wake mwenyewe.

Na kijana mwenyewe tulimuona, tuliongea naye usiku, nyumbani kwa rafiki, kwa sababu aliogopa kuonekana. Hatukumulaumu. Tulimuonyesha kwamba kontra ya kazi bila karatasi inahesabiwa na sheria kuwa ya muda bila mwisho mpaka bosi aonyeshe kinyume, na kwamba kuita kazi «staji» hakugeuzi kazi. Naye anaweza kwenda kwa inspekta. Bado anafikiri. Ana mama mwenye sukari nyumbani, na zile dolari 60 zinanunua dawa. Tunaandika hivi kusudi musimuhukumu haraka.

Maneno mengine yenye tunayasikia, mara nyingi midomoni mwa wanaume, ni kwamba mwanamke akizaa akae kwanza nyumbani, bwana yake atatafuta. Bwana yake gani? Huyu wa kwetu ana bwana mwenye ni motari, na pikipiki si yake, kila mangaribi anapeleka versema kwa mwenye pikipiki. Nyumba yenye wanakaa kule Ndosho inalipwa na mushahara wa gishe. Minerval ya mudogo wake wa kike inalipwa na ule mushahara. Nyumba nyingi za muji huu zingeanguka wiki moja kama wanawake wangekaa «kwanza» nyumbani. Na hata kama bwana yake angekuwa tajiri wa Himbi, kazi ni yake. Konstitisio, artikle 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu wa kila Mkongomani, na hakuna mwenye anaweza kuumizwa kazini kwa sababu ya kuwa mwanamke ao mwanaume.

Turudi kwa mutoto, maana kwenye mabishano yote haya yeye ndiye anasahauliwa. Sheria ikikupatia wiki 8 kisha kuzaa, siku unarudi kazini mutoto ana miezi miwili tu. Hajui bado kukaa. Anakula maziwa ya mama, basi. Artikle 132 ya Kode inasema mama mwenye ananyonyesha ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, nusu saa nusu saa, na yanalipwa kama muda wa kazi. Ni vizuri sana kwenye karatasi. Sasa mufikirie nusu saa ile hapa kwetu. Ofisi iko katikati ya muji, nyumba iko Ndosho. Unatoka, unatafuta motari, munapita kwenye foleni ya Signers, munaruka mawe ya volkano. Unafika, umemuinua mutoto, hajashika vizuri ziwa, nusu saa imeisha. Na pesa ya moto kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, kwenye dolari 180, munajua itabakisha nini.

Kwa hiyo wanawake wanafanya namna ingine. Mudogo mutu analeta mutoto mpaka kwenye geti. Pahali pengine sentineli anaruhusu mama anyonyeshe kwenye kibanda chake, kati ya ndoo ya maji na viatu vya mvua. Pahali pengine wanakatazwa kabisa, eti inaharibu picha ya kampuni. Dada moja alituambia anakamua maziwa kwenye choo cha ofisi, anayamwanga, kwa sababu kifua kinauma na hana pahali pa kuyachunga. Kumwanga maziwa ya mutoto, kwenye muji wenye watoto wake wanahesabiwa kila mwaka kwenye makampeni ya lishe! Hatuombi mambo ya Ulaya. Tunaomba chumba kimoja chenye mulango wenye unafunga, kiti kimoja, na ndoo safi. Hata depo la mahindi linaweza kupata kona moja hivyo. Na wenye ofisi wakubali mama aunganishe zile nusu saa mbili, atoke saa moja mbele ya wengine kama yeye anapenda hivyo. Haiombi pesa, inaomba shefu mwenye ana akili na huruma kidogo.

Tunajua pia kwamba kuna kampuni ndogo za kweli, duka la watu watatu, apotheke ya mutu na mudogo wake, zenye kulipa mutu wiki 14 bila yeye kuwa kazini ni mzigo muzito. Hatuwezi kudanganya. Lakini hao wadogo mara nyingi ndio tunaona wanapanga vizuri na mama, wanaongea, wanagawanya deni kwa miezi. Tena kuna sheria nambari 16/009 ya tarehe 15/07/2016 juu ya usalama wa jamii, yenye inaweka uzazi kati ya mambo ya kusaidiwa na CNSS. Kusudi usaidiwe, lazima bosi akuandikishe kule na alipe. Huyu wa kwetu, miaka mitatu, hajawahi kuandikishwa. Mutu mwenye hakulipa CNSS hata franga moja asituambie leo kwamba uzazi unamufilisi.

Halafu kuna ile ya tarehe 8 mwezi wa tatu, hatuwezi kuipita. Ile kampuni, mwaka huu tena, ilinunulia wanawake wote kitenge cha 8 Machi. Walitembea kwenye defile, wakapiga picha, bosi yuko katikati anacheka. Dada yetu yuko kwenye picha, mimba yake inaonekana. Kitenge anacho bado, anabebea mutoto nacho.

Wasichana wenye wanatafuta kazi wao hawangoji hata kuzaa ili yawapate. Kwenye interviu wanaulizwa: uko na mchumba? Munaoana lini? Unapanga watoto wangapi? Tuko na wenzetu wenye wanatoa pete kidoleni mbele ya kuingia. Mwanaume hajawahi kuulizwa hayo maneno, hata kama ana watoto sita kwa wanawake watatu. Dada, ukiulizwa hivyo, uandike siku, saa, na jina la mwenye aliuliza. Pengine hautatumia ile karatasi mwaka huu. Uichunge.

Na mama wa Birere, na wale wenye wanauza samaki kule Kituku, na wenye wanabeba mizigo na mutoto mugongoni siku ya kumi kisha kuzaa? Wao hakuna Kode yenye imewafikia, hawana bosi wa kushitaki. Hatuwasahau, na siku ingine tutaandika juu yao peke yao, maana ni dosie kubwa kuliko hii. Lakini hatukubali pia mutu atumie shida yao kunyamazisha huyu: eti mama wa soko hana konje, weye unalilia nini. Anayelilia haki yake hamuibii mama wa soko.

Kwa wenye wako kwenye hali kama hii sasa hivi, sikilizeni tulichojifunza tukitembea na dosie. Musitie saini kitu siku ileile, hata wakisema pesa iko tayari kwenye meza. Muombe kopi muende kusoma nyumbani. Wakikataa kopi, mupige picha. Barua ya kutangaza mimba ipelekwe na kopi yenye muhuri ao saini ya mwenye aliipokea, maana kesho watasema hawakujua. Ujumbe wa telefone musifute. Karatasi za mushahara, hata zile mbaya za kuandikwa na mukono, ni ushahidi. Na kama hakuna karatasi yoyote, wenzako wa kazi wanaweza kushuhudia kwamba ulikuwa unatumika. Kisha, musikimbilie tribinali moja kwa moja, watawarudisha: artikle 298 inaomba mupite kwanza kwa inspekta wa kazi, awaite pande zote mbili mujaribu kusikilizana. Mukishindwa kusikilizana anaandika karatasi ya kushindwa, na ile karatasi ndiyo inafungua mulango wa tribinali ya kazi. Kama tribinali ikiona kwamba mulifukuzwa bila sababu ya haki, artikle 63 inasema murudishwe kazini, na kama haiwezekani, mulipwe, na malipo yanaweza kufika mpaka mishahara ya miezi 36. Mishahara 36! Muikumbuke ile namba siku mutawekewa mushahara wa mwezi moja kwenye meza.

Tutaambiwa inspekta hawana nguvu, hawana mafuta, wengine wanakula na mabosi. Tunayajua, na tunayapigania pia. Lakini kuna kitu tuliona: inspekta akiona mwanamke ameingia peke yake na mutoto analia, dosie inalala. Akiona ameingia na watu kumi wenye wameketi kimya kwenye benchi, wamesoma artikle, wanaandika kwenye kaye, dosie inaamka.

Mukutano wa kwanza kwa inspekta, kampuni haikutuma mutu. Wameitwa mara ya pili, Jumanne ijayo, saa tatu ya asubui. Dada yetu anaomba kitu kimoja tu, gishe yake, pamoja na zile dolari 270 zenye zinabaki kwenye konje. Hakuomba kijana afukuzwe. Sisi ndio tunaongezea: kijana apewe kontra ao alipwe vizuri kwa wiki zenye alitumika.

Wenye watapenda kutusindikiza waje saa mbili na nusu mbele ya ofisi ya inspekta. Bila bango, bila firimbi, dada ameomba hivyo kwa sababu mutoto anaogopa makelele. Mulete kaye na biki. Na kama mwenye amekaa leo kwenye ile gishe anasoma hapa: ndugu, benchi iko na nafasi yako.